Alijenga, Alijengesha

Harufu ya chokaa mbichi ilianza mchana kweupe, kwenye jengo kongwe la chuo ambalo mara ya mwisho kupakwa chokaa, mhadhiri wa historia ya majengo alikuwa bado ana nywele. Wanafunzi walimwita Nguzo, ingawa kwa kitambi kile angefaa zaidi Kuba.

Siku hiyo alikuwa akiwatembeza wageni, mama yake mzazi akiwemo, kajikongoja na viatu vipya vinavyombana, aje amsikie mwanawe akilieleza jengo. Baba wa mama huyo alikuwa mwashi. Tao la mlango mkuu lilimwangukia likiwa bichi, na wasimamizi wakaona kumtoa ni kuchelewesha kazi. Wakajenga juu yake. Nguzo aliyajua hayo tangu utotoni. Ila chuoni alishasema babu yake alikuwa mkaguzi wa shule, na uongo ukishavaa suti, kuuvua mbele za watu ni shughuli.

Wakasimama chini ya tao.

“Jengo hili alilijenga mkuu wa kwanza wa chuo,” akasema.

“Alilijengesha,” ikajibu sauti kavu, sikioni kabisa.

Akadhani ni mwanafunzi mjuaji. Akarudia: alilijenga. Sauti ikamsahihisha tena, safari hii kutoka ndani ya mawe, na mgeni mmoja akanong'ona kuuliza kama kuna mafundi, maana alisikia mwiko ukikwangua.

Mama akamshika mkono. “Ni jini hilo, mwanangu. Limekaa na sauti ya baba yangu, linangoja mtu wake aidai. Sema ni babu yako, litaondoka.”

Nguzo akawatazama wageni, akamtazama mkuu wa chuo wa sasa, aliyefuatana nao na tai yake, harufu ikamjaa puani, ikashuka kooni, ukuta ukapumua mgongoni kwake kama mtu aliyebeba mzigo mzito na kuchoka kungoja atuliwe, naye akafungua kinywa, akamtaja babu yake, akasema alikuwa mkaguzi wa shule.

Harufu ikakatika. Wageni wakapiga makofi. Mama akavua viatu, akaenda zake peku.

Jioni Nguzo akamfuata nyumbani, kichwa chini, akainama kumwamkia. Midomoni mwake mlidondoka unga mweupe, na sauti iliyotoka ilikuwa kavu, si yake.

Mama hakuitika marahaba. Alipiga magoti yake mabovu mbele ya mwanawe, akasema kwa sauti ndogo ya kitoto:

“Shikamoo, baba.”