Mahari ya Saa Sita

Siku Calvince alipokutana na Ngendo, alikuwa amesimama kwa mguu mmoja katikati ya soko la Jamhuri, Thika, soksi imetoboka kwenye kidole gumba, na watu wanampita kama maji yapitavyo nguzo ya daraja. Alikuwa amezunguka vibanda saba vya mitumba akitafuta raba za kuchezea mpira wa kikapu, na kote alijibiwa kwa kichwa kutikiswa. Kibanda cha nane kilikuwa cha msichana mwenye sweta ya manjano na sketi ndefu ya jinzi, kitambaa chekundu kichwani, kalamu kaichomeka sikioni. Alimtazama Calvince kuanzia chini.

"Hiyo si mguu," akasema. "Hiyo ni ploti."

Watu wakacheka. Calvince hakuzaliwa kuchekwa akanyamaza. Kule Kihunguro, Ruiru, alikochomelea mageti, walisema ulimi wake una moto kuliko mashine yake. Akajibu kwamba ploti nzuri haikosi mnunuzi, shida ni madalali wenye mdomo. Msichana akauma midomo asicheke, akainama chini ya meza, akafukua gunia, akaibuka na raba nyeusi zenye mstari wa buluu, namba kumi na nne.

"Nimekaa nazo mwaka mzima. Unacheza?"

"Nilikuwa nacheza. Goti likakataa."

"Na sasa?"

"Sasa goti limekubali. Waliobaki kukubali ni watu."

Hapo Ngendo akaacha mzaha. Akamuuliza urefu wake, akamuuliza jina, akaliandika kwenye kifuniko cha boksi. Alipolisoma kwa sauti lilitoka "Carvince", kwa kuwa ulimi wake wa Kikuyu uliiweka r pale ilipotaka na l pale ilipobaki. Calvince alilisikia jina lake kama jipya, likampendeza, hakulisahihisha.

Ngendo alikuwa katibu wa timu ya Chania, iliyofanyia mazoezi kwenye uwanja wa saruji katika mtaa wa Landless. Kocha alikuwa baba yake, Mzee Gichuru, mwalimu mstaafu aliyetembea na filimbi shingoni hata akienda kanisani. Msimu uliopita Chania ilimaliza ya pili kutoka mkiani. Tangu hapo senta wao, yule mrefu wa chini ya kikapu, alikuwa amechukuliwa na timu ya Nairobi, na mlinzi wao bora alikuwa amekwenda Qatar kuwa mlinzi wa kweli, wa geti. Ligi ilikuwa inarudi, kikosi kilitakiwa kiwe na majina kumi na mawili, na Mzee alikuwa na tisa tu na maombi.

Ndivyo Calvince alivyoingia Landless, na ndivyo mapenzi yalivyomwingia Calvince. Jumanne na Alhamisi alimaliza kazi mapema akaja kufukuzana na vijana waliomzidi pumzi. Ngendo alikaa pembeni na daftari, akihesabu nani ameokota mpira mara ngapi chini ya kikapu. Akirudi Ruiru, simu ililia kabla hajavua viatu.

"Umefika, Mrefu wangu?"

"Nimefika, Katibu. Umeandika nini leo juu yangu?"

"Nimeandika unaruka kama mtu anachukua sufuria kwa kabati."

"Lakini sufuria nilichukua?"

"Ulichukua kumi na moja. Usijisifu, ulale."

Jumapili moja mwisho wa Januari, Mzee alimwita chai. Alimpima kwa macho, akamuuliza kama kwao wote ni warefu, anakula nini asubuhi, amewahi kuumia wapi. Calvince alitoka pale jasho likimtiririka mgongoni, asijue kama amekaguliwa kama senta au kama mkwe. Ngendo alimsindikiza hadi kwenye kona, gauni lake la kanisani la zambarau likipepea. Pale konani Calvince akamwambia yote mawili kwa pumzi moja: kwamba anataka kucheza msimu huu kuliko kitu chochote, maana ana miaka ishirini na tisa na goti halitampa mwingine, na kwamba anataka kumuoa, ila apewe mwaka mmoja afungue karakana yake kwanza, ndipo aje na wazee wake, kichwa kiko juu.

"Mambo yako nitaongea na Mzee," Ngendo akasema.

Hakusema mambo yapi.

Alhamisi iliyofuata ujumbe uliingia, Calvince akiwa amepiga goti mbele ya geti la mteja, kioo cha uso kimeinuliwa. Uliandikwa hivi: "Carvince wangu. Mzee amekubari. Mambo ya mahari yako tumeongea jana mpaka ikaisha. Kuja Jumamosi kabla ya saa sita. Usipofika anapea mwingine. Kuna kijana wa Gatuanyaga amekuja na mama yake mara tatu."

Akausoma. Akausoma tena. Damu ikampanda.

Mahari! Wameongea mahari yake bila yeye, bila mjomba, bila hata mtu mmoja wa kwao. Aliomba mwaka, akapewa siku mbili. Kwao mwanamume hupeleka wazee siku aliyojiandaa, haitwi kwa saa kama mshtakiwa. Na huyo wa Gatuanyaga, aliyekuja na mama yake mara tatu, Ngendo hakuwahi kumtaja. Ina maana kila Jumanne akiokota mipira kama mjinga, mwenzake alikuwa sebuleni anakunywa uji.

Akajibu: "Mwambie Mzee mimi si ng'ombe wa mnada. Huyo wa Gatuanyaga apewe."

Simu ililia papo hapo. Aliiacha. Ikalia mara ya pili, akaiacha. Ya tatu akaishika.

"Carvince, nilipigana na Mzee kwa sababu yako. Unajua hiyo?"

"Sikukutuma upigane. Nilikwambia nipe muda."

"Muda si wangu. Jumamosi ikipita imepita."

"Basi ipite. Mimi siendeshwi mbio na mzee wa mtu."

Nyuma ya Ngendo soko lilisikika, mtu akinadi suruali.

"Kama hutaki, sema hutaki," Ngendo akasema, sauti imeshuka.

"Nataka. Lakini si hivi. Kama huyo mwingine yuko tayari, mchukue yeye."

"Nimchukue?"

"Mchukue."

"Sawa, Carvince. Nitamwandika."

Simu ikakatika. Calvince alichomelea siku ile mpaka macho yakawasha, na Ijumaa ilikuwa vivyo hivyo, hasira asubuhi, huzuni mchana. Lile neno la mwisho ndilo lililomkwaruza. Nitamwandika. Mume huandikwa wapi? Akafikiria kitabu cha kanisa, akafikiria ofisi ya mkuu wa wilaya, na kila alipofikiria moyo ulimwenda upande.

Jumamosi, saa ikielekea tano na robo, mwenzake wa karakana, Sifuna, Mbukusu aliyeoa Mkikuyu wa Kalimoni, alichoka kumwona akipiga nyundo chuma kilichokwisha kunyooka. Akamnyang'anya simu, akausoma ule ujumbe. Akausoma polepole, midomo ikicheza. Kisha akaketi juu ya mtungi wa gesi, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Wewe umeishi Ruiru miaka mingapi?"

"Usinichezee, Sifuna."

"Hiyo neno ya nne kutoka mwanzo ni nini?"

"Amekubari."

"Maana yake?"

"Amekubali."

"Sasa shuka chini, ukifika kwa mahari fanya vile vile."

Calvince akakikodolea macho kioo cha simu. Midomo yake ikatamka bila sauti.

"Mahali," Sifuna akamsaidia. "Mahali yako, bwana. Nafasi yako kwa timu. Mke wangu hunambia nimpishe mahari pake kitandani, ningekuwa wewe ningeshahama. Na huyo kijana wa Gatuanyaga amekuja na mama yake kuomba jezi, si bibi. Kisha nyinyi watu wa ziwani ndio mnacheka wengine, na wewe mwenyewe shati unaita sati."

Nitamwandika. Sasa Calvince alijua ni wapi.

Hakuvua aproni; akapanda nyuma ya Sifuna. Pikipiki ya Sifuna ilipasua Thika Road, ikakwama Juja penye malori yaliyojaa mchanga, ikapenya, na kila dakika ilimchoma kama cheche shingoni. Walipoingia Landless saa ya kanisa ilionyesha saa sita na dakika ishirini.

Uwanjani palikuwa na meza, na nyuma ya meza Ngendo, kwa gauni lile lile la zambarau, macho yamevimba. Mama mmoja mwenye viatu vilivyojaa vumbi la Gatuanyaga alikuwa anampiga picha mwanawe, Githae, miaka ishirini, mwembamba kama fito, amevaa jezi namba kumi na tano iliyomfika mapajani. Alikuwa anacheka kwa meno yote.

Calvince aliweka simu mbele ya Ngendo. Ngendo akausoma ujumbe wake mwenyewe, akafika katikati, akaziba mdomo.

"Niliandika mahari?"

"Uliandika mahari."

"Haiya." Mabega yakaanza kutikisika, na haikujulikana kama ni kicheko au kilio. Halafu yakatulia. Akainua uso, na uso ule haukuwa na mzaha. "Sawa. Tuseme niliandika vile ulivyosoma. Tuseme Mzee kweli alikuwa ananioza Jumamosi. Jibu lako ni hilo? Apewe mwingine?"

Swali lile halikuwa na mlango wa nyuma. Calvince alitazama mikono yake yenye masizi.

"Kiburi kilijibu kabla yangu," akasema. "Nilipaswa kuja hata kama ni kugombana. Nisamehe, Ngendo. Si kwa kusoma vibaya. Kwa kukuacha mkononi mwa mtu mwingine kwa neno moja."

Ngendo aliifunga ile simu, akaishika.

Mzee Gichuru alikuwa amesikia yote, akijifanya anahesabu mipira. Akaja na karatasi ya kikosi, majina kumi na mawili, la mwisho wino wake bado unang'aa. Akaeleza taratibu kwamba Jumatano alikataa kuandika mtu kwa sababu binti yake anampenda, na binti yake akamtupia daftari mezani: katika mazoezi ya mwezi mzima, hakuna aliyeokota mipira mingi kama mtu wa Ruiru. Kwa hiyo nafasi ile Calvince aliipata kwa jasho, na aliipoteza kwa hasira.

"Saa sita imepita, lakini afisa wa ligi wa kuchukua orodha ako hapo kwa kibanda, hajamaliza chai," Mzee akasema. "Karatasi iko. Kalamu iko. Niambie, nifute?"

Uwanja mzima ulikuwa ndani ya lile swali. Calvince alihisi goti lake, alihisi miaka yake ishirini na tisa, aliona msimu mzima umelala pale juu ya meza, unangoja neno moja tu. Akamtazama Githae. Mama yake alikuwa anamnyooshea kola ya jezi isiyokuwa na kola.

"Usifute, Mzee. Amefika mapema kuliko mimi."

Mzee akaikunja karatasi.

"Bila wewe tutakuwa wafupi," akasema, akiwa kocha tena. "Huyu kijana anaruka lakini kila mechi atatolewa kwa makosa matano. Itabidi tukimbie. Mwanzoni tutapigwa, mwisho wa msimu tutasumbua watu. Wewe usikae kutuangalia. Timu ya Nyundo huko Ruiru hawana senta, na orodha za huko afisa anazichukua Jumatatu. Kocha wao nitampigia mimi." Akaondoka kumtafuta afisa, filimbi ikimgonga kifuani.

Wakabaki wawili. Ngendo akafungua faili, akatoa fomu tupu ya ligi, ile ile itumiwayo na timu zote, akachukua kalamu sikioni.

"Kaa chini. Hao Nyundo fomu zao hurudishwa kila mwaka. Hawajui kujaza."

"Utanijazia nikacheze dhidi yenu?"

"Nakujazia ili mkipigwa usiseme ni fomu."

Akaandika jina lake, herufi zote mahali pake. Akaandika urefu, tarehe ya kuzaliwa, timu. Calvince alimtazama mkono unavyokwenda, akashangaa jinsi mtu anavyoweza kukosa kitu alichokililia mwaka mzima na bado akatamani mchana usiishe.

"Mtu wa kuarifiwa ukiumia," Ngendo akasoma.

"Wewe."

Akaandika. Kalamu ikashuka mstari mmoja, ikasita.

"Uhusiano."

"Andika mke."

"Mimi si mke wako."

"Ligi inaisha Oktoba. Wazee wangu watafika kabla ya hapo, karakana iwe imefunguliwa au isifunguliwe. Fomu itakuwa imesema kweli."

"Katibu haandiki kitu hakijatokea." Aliinama, kitambaa chake kikaficha uso, akaandika neno moja, akaupuliza wino, akamsukumia karatasi.

Aliandika: Mchumba.

"Weka sahihi hapo chini," akasema. "Na ukiumia mkicheza na sisi, usitarajie nikimbie uwanjani kabla Mzee hajaomba mapumziko."

Calvince akafuta masizi kwenye aproni, akatia sahihi polepole, kila herufi, kama mtu anayechomelea kitu ambacho hataki kije kiachane.