Walisema Nimeficha Dawa Chini ya Ulimi

Nina miaka ishirini na tisa. Ni fundi cherehani, nina kibanda changu hapa Nyakato, Musoma, na ukisikia watu wakimtaja fundi mwenye dawa mdomoni, ndiye mimi. Jina hilo nilipachikwa. Leo nasimulia lilivyokuja, kwa mdomo huohuo waliouogopa.

Meno yangu ya mbele yaliota yakipandana. Jino moja la juu, upande wa kushoto, lilisimama mbele ya mwenzake kama mtu anayetaka kupigwa picha peke yake. Sikuwahi kulionea haya! Nilipokuwa najifunza kushona, mama aliyenifundisha alinitania kwamba mimi sihitaji mkasi, maana uzi nilikuwa naukata kwa jino hilo moja, tap, na mshono hauvutiki hata kidogo.

Kisha nikampenda Magesa.

Magesa anauza dawa za mifugo mjini Bunda, lakini kwao ni Butiama. Alikuja kupunguziwa suruali. Akaja na nyingine, na nyingine, mpaka nikamuuliza kama suruali zake zinaota kama majani ya masika. Alicheka, nami nikacheka kwa meno yangu yote. Tulipendana mwaka mzima. Lakini kila nilipouliza ni lini atanipeleka nyumbani kwao, jibu lilikuwa bado... bado... bado.

Siku moja akanitumia ujumbe wa sauti kwenye simu. Alisema nikinyoosha meno ndipo atanipeleka kwa mama yake. Alisema meno ya namna ile yanamtia aibu, kwamba mwanamke mwenye meno yaliyopandana akicheka anaonekana kama mtu aliyekosa wa kumtunza.

Niliusikiliza mara tatu. Mwenye akili angefanya nini? Mimi nililia, nikanawa uso, nikakubali.

Magesa mwenyewe ndiye aliyenipeleka Mwanza, kwenye kliniki ya meno. Yeye ndiye aliyelipa. Yeye ndiye aliyenishikia mkoba nikiwa nimeachama kwenye kiti. Daktari akatueleza kwamba nitavaa vifuniko vya plastiki angavu, vyembamba kama ukucha, vinavyokaa juu ya meno na kuyasukuma polepole. Kila baada ya wiki mbili navua hiki, naanza kingine. Nikila, nakitoa. Nikipiga mswaki, nakitoa. Muda mwingine wote kikae mdomoni.

Wiki ya kwanza niliishi kwa uji. Fizi ziliwaka, na ulimi haukujua pa kukaa. Uzi nikaanza kuukata kwa mkasi kama mafundi wengine. Nikavumilia, maana mapenzi yalikuwa yamenikaa kichwani kuliko plastiki ilivyokaa menoni...

Lakini Magesa alikuwa na sharti la pili. Nyumbani wasijue! Alisema wazee wa Butiama hawataelewa, watasema ameleta mwanamke anayepelekwa gereji. Nikakubali na hilo. Nikajifunza kuongea nikiwa nimebana midomo, kucheka nikiwa nimegeukia pembeni.

Ndugu wasomaji, kosa langu ni hapo. Halikuwa kunyoosha meno. Lilikuwa kuficha!

Nilipofika kifuniko cha sita, Magesa akasema sasa twende.

Ilikuwa safari ya kusalimia tu, mahari haijatajwa. Mama yake alinipokea kwa upole ambao sijausahau. Alikuwa na tabia ya kuongea huku amejifunika mdomo kwa upindo wa kanga, nami nikadhani ni adabu ya akina mama wa kule. Shangazi yake Magesa alikuwa amekuja kutoka Kiabakari kwa kazi moja tu, kunikagua. Alinizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani.

"Kimo anacho," alisema. "Ila mbona anaongea kama ana pipi? We binti, tema hiyo pipi tukusikie!"

Watu wakacheka. Nikacheka na mimi, midomo imebana...

Kikaletwa chakula, ugali wa mtama, nyama, na maziwa mgando. Mama akaja na jagi la maji, akaanza kutunawisha. Nilikuwa nifanye nini? Kula na kifuniko siwezi. Kukataa chakula cha ukweni siku ya kwanza ni matusi. Nikageukia ukutani, nikakitoa haraka. Mate yakavutika kama utando wa buibui. Nikakiviringisha ndani ya leso.

"Umetoa nini mdomoni?" Ilikuwa sauti ya shangazi.

"Si kitu, shangazi."

Si kitu! Ningesema plastiki ya daktari, ningesema hata jino la bandia, yangeishia hapo. Kwetu Mara nani hajasikia habari za dawa ya chini ya ulimi? Wanasema mtu akienda kwenye kesi, au kuomba jambo kubwa, anaiweka pale ili kila anayezungumza naye akubali bila kujua kwa nini. Na mimi nimeingia nyumba ya watu nikiongea kwa kubana midomo, kisha kabla ya kugusa chakula chao nageukia ukutani na kutoa kitu!

Shangazi akaninyang'anya leso. Kifuniko kikaanguka juu ya mkeka, kikang'aa.

"Gamba la nyoka!" alipiga yowe. "Lina mpaka alama za meno! Nilikuwaga nasema, huyu mtoto hajatulia tangu ampate huyo fundi. Amelishwa!"

Nikamgeukia Magesa. Nikamwambia, "Mwambie mama hicho ni nini."

Alikuwa ameshika tonge. Akalikanda, akalikanda, mpaka likawa duara kama goroli. Kisha akasema bila kuinua macho, "Mimi hicho kitu sijawahi kukiona."

Jamani... Mtu aliyenishikia mkoba!

Mama yake alikwenda jikoni, akarudi na koleo la mkaa, akakichukua kile kifuniko kwa mbali na kukitupa motoni. Kilijikunja mara moja, kikatoa moshi mweusi. Nilisimama, mikono yangu bado ina maji. Nikatembea peke yangu hadi barabarani.

Maneno yalifika Musoma kabla yangu. Bibi harusi mmoja wa Bunda akaja kuchukua kitambaa chake cha shela, hakijakatwa hata upande. Mteja wangu wa Bweri akamtuma mtu wa bodaboda amfuatie gauni lake, na kumwonya asiongee nami, apokee tu na kuondoka. Cherehani ikakaa kimya siku tatu, nne, wiki... Vifuniko vingine vilikuwa kabatini, sikuvigusa. Meno yakaanza kurudi yalikotoka, na yakirudi yaliuma kuliko yalipokuwa yanakwenda.

Hapo ndipo Magesa akapiga simu. Mnajua alitaka nini? Niende Butiama mbele ya wazee, nikiri, niapishwe, nisafishwe, halafu ndoa iendelee!

"Kubali tu yaishe," alinibembeleza.

Nikamuuliza kwa nini alinikana. Akasema, "Ningesema ukweli, mama angejisikia vibaya."

Sikumwelewa. Nilimwambia tu, "Waandae wazee. Nakuja."

Nilikwenda Jumapili baada ya ibada, nimevaa gauni nililolishona mwenyewe, jekundu, la kuonekana kutoka mbali. Nani alisema aliyesingiziwa lazima ainamishe shingo? Wazee watatu walikuwa wamekaa. Shangazi alikuwa amekaa mbele kabisa, amepania. Mama alikuwa pembeni, kanga mdomoni.

Sikupiga magoti. Nilifungua mkoba, nikatoa kifuniko cha tano, kilichotangulia kile walichokichoma. Nikakivaa mbele yao. Meno yalikuwa yamekwisha kusogea, kikabana mpaka machozi yakanitoka. Nikakivua, nikakisuuza kwenye bakuli la maji, nikakiweka kwenye kiganja cha mama.

"Hii ni plastiki ya daktari wa meno," nilisema. "Aliyenipeleka kwa daktari ni mwanao."

Magesa akaanza kukohoa.

"Muongo!" shangazi alidakia. "Dawa siku hizi zinatengenezwaga hivyohivyo!"

Ujumbe ule wa sauti sikuwahi kuufuta. Niliweka simu mezani, nikabonyeza. Sauti ya Magesa ikajaa chumba chote. Nikinyoosha meno ndipo atanipeleka kwa mama yake... Meno ya namna ile yanamtia aibu... Mwanamke wa meno yaliyopandana anaonekana kama mtu aliyekosa wa kumtunza...

Mama alikuwa bado ameshika kifuniko changu. Polepole akashusha kanga, na kwa mara ya kwanza nikayaona meno yake.

Yamepandana. Jino la juu, upande wa kushoto, limesimama mbele ya mwenzake!

"Magesa," alisema. "Kumbe na mimi?"

Mpaka naondoka Magesa alikuwa bado anatazama sakafu.

Mama alinifuata hadi barabarani. Hakuniomba msamaha kwa maneno mengi. Alinirudishia kifuniko, akaniuliza, "Yanauma?"

"Yanauma, mama."

"Yangu hayajawahi kuuma," alisema. Kisha akacheka, mikono yote iko chini.

Nilirudi Mwanza nikamwambia daktari ayasimamishe hapohapo yalipo. Alishangaa, akanishauri nimalize. Nikakataa. Akanitengenezea kifuniko kimoja cha kuyashikilia. Leo jino langu halipo pale lilipoota, wala halipo pale Magesa alipolitaka. Lipo nilipopachagua mimi, na bado linakata uzi!

Magesa ametuma watu mara mbili. Nimewaambia wamsalimie. Mama yake ndiye aliyekuja mwenyewe, na kitenge chake, akakaa kwenye benchi langu tangu asubuhi hadi mchana ili Nyakato nzima imuone. Wateja wengi wamerudi. Ambao hawajarudi, mafundi ni wengi mjini.

Dada zangu, sisemi msinyooshe meno. Ukitaka, nyoosha, ni yako! Lakini kabla hujaachama mbele ya daktari, jiulize ni nani anayetaka. Na mwanaume akikwambia fanya hivi kwa ajili yangu, ila watu wetu wasijue, nakuomba kwa machozi niliyolia, usikubali. Mwambie akaseme kwanza nyumbani kwao, mchana, wewe ukiwa umekaa hapo unamsikia. Akishindwa kulisema siku ya furaha, siku ya shida atakukana huku anakanda tonge.

Mimi sifichi tena. Chakula cha mchana kikifika hapa kibandani, nakitoa kifuniko changu mbele ya wateja, nakisuuza, nakiweka juu ya meza ya kukatia, katikati ya chaki na mkasi. Anayetaka kuuliza, aulize.