Aliyelala Katikati

Kishuka kilikuwa na joto.

Fundi alikitandika mwenyewe asubuhi ile kwenye kitanda kidogo cha mtoto, akakivuta pembe zote nne mpaka kikakaza, kisha akarudi chumba cha mbele kumalizia sare za shule alizokuwa akishona. Saa nne alipopita tena na rundo la nepi mkononi, aliona pamebonyea katikati ya kishuka, mbonyeo mdogo, wa mviringo juu na mrefu kidogo chini. Akaweka kiganja. Palikuwa na joto lile la mahali ambapo mtu ameinuliwa sasa hivi.

Dirisha la chumba kile lilitazamana na ukuta wa jirani, jua halikuwahi kuingia. Paka hawakufuga. Na mwenye kitanda alikuwa bado tumboni, mwezi wa nane unaelekea ukingoni, akimpiga mama yake mateke ya mbavu kama mtu anayedai afunguliwe mlango.

"Nimechoka tu," Fundi alijiambia. Akakinyoosha kishuka, akatoka. Lakini pale mlangoni harufu ikamshika: maziwa yaliyoanza kuchacha, yale yanayojificha kwenye mikunjo ya shingo ya kichanga. Aliijua harufu ile. Aliwahi kuishi nayo siku kumi na mbili.

Miaka mitatu nyuma alizaa mtoto wa kiume. Walimlaza katikati yao, baba huku, mama huku, na yeye katikati. Asubuhi ya siku ya kumi na mbili wawili waliamka, mmoja hakuamka. Daktari alisema mambo haya hutokea, vichanga wengine huondoka usingizini na hakuna anayejua sababu. Akaandika karatasi. Majirani waliokwisha kuzoea kumwita mama fulani wakarudi, taratibu na kwa aibu, kumwita Fundi. Mumewe, mpaka rangi ambaye mtaa mzima ulimwita Brashi, aliacha kuimba juu ya ngazi. Wakaendelea kulala kitanda kile kile, huyu ukingo huu, yule ukingo ule, na katikati wakaacha nafasi ambayo hakuna aliyeivuka ovyo. Mimba hii mpya ilipoingia, hata wao wenyewe walishangaa kidogo.

Habari ya asubuhi ile hawakuwahi kuizungumza. Hata neno.

Sasa ubishi ulikuwa mmoja: mtoto atalala wapi. Brashi alikuwa ameleta kitanda, akaondoa makopo yake ya rangi kwenye chumba kidogo na kukipaka upya, krimu ukutani, nyeupe darini. Fundi alitaka kitanda kile kihamie chumbani kwao, kikae ubavuni kwake, mahali ambapo akinyoosha mkono anamfikia.

"Chumba chake kipo," alisema Brashi.

"Mtoto wa siku moja ana chumba? Basi mpe na ufunguo kabisa, awe anarudi saa anazotaka."

Zamani Brashi angecheka mpaka akae chini. Safari hii alitazama mikono yake. "Hatalala karibu na mimi," alisema. "Tafadhali, mke wangu. Nisikilize kwa hilo moja tu."

Fundi akanyamaza, kwa sababu yeye naye alikuwa na lake. Usiku ule wa kumi na moja alimnyonyesha mtoto akiwa amelala ubavu, akasinzia ziwa likiwa mdomoni mwa mwanawe. Tangu hapo alibaki akijiuliza alisinzia kwa muda gani, na aliangukia upande gani.

*

Siku zilizofuata sauti zikaanza. Fundi alikuwa akikanyaga cherehani, na kila aliposimamisha mguu kukata uzi alisikia kitu nyuma ya ukuta, kwenye chumba kidogo: pumzi fupi fupi, zenye kikohozi kidogo kama pua imeziba. Akikanyaga, zinapotea. Akiacha, zipo. Ikafika siku alishona mshono ule ule mara tatu ili asiache kukanyaga, na mteja alipokuja kuchukua gauni akamwuliza kama ameanza kushona magunia.

Brashi naye alikuwa na shida yake, nayo aliificha kama mwizi. Juu tu ya kitanda kidogo palikuwa na kipande cha ukuta kilichokataa kukauka. Alikikwangua, akakipiga msasa, akapaka mkono wa kwanza na wa pili. Chumba kizima kilikuwa kikavu kama mfupa, ila pale. Fundi alimkuta mchana mmoja amepiga magoti na brashi mkononi, shati limelowa jasho.

"Unyevu," alisema kabla hajaulizwa. "Bomba la jirani linavuja."

Fundi akatazama. Sehemu ile mbichi haikusambaa kama unyevu unavyosambaa. Ilikuwa imelala ukutani, nene upande mmoja, ikipungua kuelekea upande wa pili na kuishia kwenye matawi matano. Ulikuwa mkono wa mtu mzima, kuanzia bega mpaka vidole, umenyooshwa juu ya kitanda cha mtoto.

Mumewe akachovya brashi, akaendelea kupaka.

Usiku wa siku hiyo Fundi alilala kwenye ukingo wake, uso ukutani kama kawaida, na mgongoni mwake ile nafasi, na ng'ambo ya nafasi pumzi za mumewe ambazo alijua si za usingizi; akahisi godoro likizama katikati, kidogo tu, kama linavyozama mtoto anapopanda kwa magoti, kisha shuka likavutwa, kisha kitu chenye joto kikamgusa uti wa mgongo na harufu ya maziwa ikajaa chumba mpaka akahisi anaimeza, na alipotaka kumwita mumewe ulimi ulikuwa mzito kama kitambaa kilicholoweshwa, na ndipo sauti, sauti ya mtoto wa miaka mitatu ambaye ndiyo kwanza anayazoea maneno, ikasema karibu kabisa na sikio lake, bila hasira, kwa adabu hata:

"Mama, sogea. Unanibana."

Wakati huo huo Brashi akaruka kutoka kitandani kana kwamba amemwagiwa maji ya moto. Akawasha taa. Katikati ya kitanda hapakuwa na mtu, pamebonyea tu. Walitazamana, kila mmoja ukutani kwake.

"Umesikia nini?" Brashi alinong'ona.

"Sijasikia kitu. Wewe?"

"Hakuna. Nimeota."

Kila mmoja akajua mwenzake ameongopa. Taa haikuzimwa mpaka asubuhi.

*

Mama yake Brashi alifika Jumatano, begi moja mkononi, kuja kumsaidia mkwewe siku za uzazi. Alikuwa mwanamke wa kusema lake hadharani. Walimpa chumba kidogo, ajilaze mkekani kando ya kitanda cha mtoto. Baada ya chakula cha mchana akaingia kupumzika. Nusu saa haikufika, akatoka na begi lake.

"Nani anatambaa humo ndani?" aliuliza.

Brashi akaanza kukusanya sahani.

"Nimewauliza, wanangu. Kitu kimetambaa kutoka miguuni mpaka kifuani kwangu, kikatafuta ziwa. Nimelea watoto sita, najua mtoto anavyotafuta ziwa. Nimefumbua macho, hakuna kitu." Akavaa viatu. "Nakwenda kumwita mtu. Na nyie msikae humu mkitazamana kama picha za ukutani."

Alirudi na mnoa visu. Mzee yule walimjua wote, alipita mitaani na baiskeli yenye jiwe la kunolea, mfupi, mkimya, mikono imejaa makovu. Kwamba alikuwa na kazi nyingine ya kuzungumza na wasioonekana, hilo wengi walilijua lakini hawakulitaja mpaka liwafike. Hakuja na manukato wala kitabu. Aliomba maji ya kunawa, akanawa, akaingia chumba kidogo na kukaa sakafuni. Akautazama mkono ule ukutani kwa muda mrefu.

"Kaeni," alisema. "Baba huku, mama huku. Kitanda katikati."

Ilikuwa saa tisa, mchana kweupe. Mama mkwe alisimama mlangoni ameshika fremu.

"Kinawaita nani?" aliuliza mnoa visu.

Fundi akasema, kwa sauti iliyopasuka, "Kinaniita mama. Kinasema nisogee, namba..." Akashika tumbo lake. "Nambana."

"Na wewe?"

Brashi alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kiko kifuani. "Kinasema, baba, mkono wako ni mzito."

Fundi akamgeukia. Mnoa visu akainua kiganja kumzuia asiseme bado.

"Mtoto wenu alikufa na siku ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Alikuwa anajua kusema?"

"Hapana, mzee. Siku kumi na mbili tu."

"Basi si yeye," alisema mnoa visu, taratibu, kama anayemchomoa mtu mwiba. "Mwanenu aliondoka hajui neno hata moja, wala la kuwalaumu. Waliokufa hawakui, hawajifunzi kusema huko waliko. Huyu ni jini, na maneno haya kayaokota humu humu ndani. Kila mmoja wenu ana neno ambalo hajawahi kulitoa, yeye kalala juu yake miaka mitatu, linampa joto. Sasa anataka kitanda. Mwenyewe akizaliwa atakuta kimekaliwa, na kitanda kimoja hakilazi wawili."

"Mtoe," alisema mama mkwe kutoka mlangoni. "Mtoe, mzee, nakuomba."

"Mimi siwezi. Wao ndio waliomlea." Akawageukia. "Semeni. Si kwangu. Semezaneni."

Kitanda kidogo kikaanza kutikisika, polepole, kama kinavyotikiswa na mkono wa mlezi.

Brashi ndiye aliyeanza. Aliongea akikitazama kitanda, maneno yakimtoka kwa shida. "Asubuhi ile mimi niliamka kwanza. Mkono wangu ulikuwa juu yake. Hapa, kifuani kwake. Nikautoa. Nikakaa kitandani, sijui muda gani, halafu nikalala tena nikajifanya sijaamka, ili wewe ndiye uamke umkute." Akavuta pumzi. "Nilikuacha umkute peke yako."

Fundi alihisi masikio yanamvuma. Kilio chake mwenyewe cha asubuhi ile kilimrudia, na mumewe akifumbua macho, akiuliza, "Kuna nini?" Miaka mitatu aliliamini lile swali. Alitaka kumpiga. Alitaka kuinuka atoke na tumbo lake aende asikojua. Kitanda kikazidi kutikisika, kishuka kikabonyea, na kutoka pale pasipo na mtu sauti ndogo ikasema kwa upole, "Mama. Sogea."

"Nilisinzia nikimnyonyesha," Fundi akasema, haraka, asije akashindwa. "Ziwa lilikuwa mdomoni mwake. Niliposhtuka lilikuwa limemfunika uso. Nikamgeuza, nikadhani amelala. Sikuangalia kama anapumua. Nilikuwa nimechoka, mume wangu, nikalala. Kila siku nilikuwa nangoja uniambie ni mimi."

"Mimi nilikuwa nangoja wewe uniambie."

"Ni nani basi?" aliuliza Fundi, akimgeukia mnoa visu. "Ni mimi au ni yeye?"

Mzee akatikisa kichwa. "Huenda ni mmoja wenu, huenda hakuna. Daktari hakujua, mimi sijui, na huyu hapa hajui, anawadanganya tu. Mwambieni aondoke."

Fundi akaweka mikono miwili kwenye ukingo wa kitanda. Joto lilipanda mpaka viwiko. Alijua si mwanawe, ameambiwa, na ameelewa. Lakini harufu ilikuwa ile ile, na mwili wake haukujua kutofautisha, maziwa yakaanza kumtoka na kulowesha blauzi. "Toka," alisema. "Si mahali pako. Wewe si mwanangu. Toka."

Kile kitu kikalia. Hakikulia kwa sauti ya jini, kililia kilio cha kichanga kilichoondolewa ziwani kabla hakijashiba. Kilio kikatoka kitandani, kikapita kati ya miguu ya mama mkwe, kikapita chumba cha mbele kando ya cherehani, kikatoka nje na kushuka na barabara, kikififia, nyumba hadi nyumba. Fundi aliinuka nusu kukifuata. Mumewe akamshika mkono, naye akauacha ushikwe.

Baada ya muda mlango ukagongwa. Alikuwa jirani mwenye saluni, mikono bado na povu la shampuu, uso umejaa furaha. "Jamani, hongereni! Nimemsikia analia! Umejifungua saa ngapi?"

*

Alijifungua siku kumi na sita baadaye, mtoto wa kike. Ukuta ulikuwa umekauka. Kitanda kidogo kilihamia chumbani kwao, ubavuni kwa Fundi. Kati ya Fundi na Brashi mambo hayakunyooka mara moja. Ziko siku aliona uso wa mumewe na kuikumbuka ile asubuhi ya kujifanya amelala, akamjibu kwa mkato mpaka jioni. Brashi hakujitetea. Usiku wakawekeana zamu.

"Anapumua?" mmoja alinong'ona gizani.

"Anapumua. Lala, zamu yangu."

Miezi saba walilala hivyo, nusu nusu. Hakuna kilichotambaa, hakuna kilichosema. Kisha ikatokea asubuhi moja Fundi alifumbua macho, jua limejaa chumba kizima, honi za magari nje, na pembeni yake Brashi anakoroma. Wote wawili walikuwa wamelala. Zamu ilikuwa ya nani, hakukumbuka. Alishindwa kugeuka. Akamtikisa mumewe bila kusema, naye akaamka, akaliona jua, na rangi yote ikamtoka usoni.

Wakageuka pamoja.

Mtoto alikuwa amekaa kitandani kwake, amelowa mpaka kiunoni, akitafuna ukingo wa mbao kwa fizi zake na kuwatazama kama watu waliochelewa kazini. Fundi akacheka. Kicheko kikamgeukia kikawa kitu kingine, akajikunja, na Brashi akavuka katikati ya kitanda akamshika, naye akalia, mdomo umefunguka kama wa mtoto. Walimlilia yule wa siku kumi na mbili. Walilia mpaka saa tatu, wakati binti yao akigonga mbao kwa kiganja, akidai uji.