Kitu cha Kwanza Kwenye Mizani

Asubuhi Letisia aliiinua laptopu mpya kwa vidole viwili. Alasiri ilimbidi aikumbatie kwa mikono yote, kama mtu anayehamisha jiwe la kusagia.

Alidhani ni uchovu. Chama cha wanunuzi wa ufuta pale Ruangwa kilikuwa kimeazimwa laptopu hiyo na muuzaji wa Dar es Salaam, na Letisia, karani, akapewa wiki moja ya kuijaribu: kama ni nyepesi kweli, kama betri inadumu umeme ukikatika, kama kioo kinasomeka juani. Ikifaa, mwenyekiti, Mzee Mustafa, angemtuma nayo Mbekenyera akanunue ufuta kama wanaume. Isipofaa, angebaki na kompyuta ya mezani, kwenye kiti kilekile alichokizeekea.

Betri ilidumu. Kioo kilisomeka. Uzito ndio uliokataa.

Kesho yake laptopu ilinuka mabibo ya korosho yaliyochacha, ilhali msimu wa mabibo ulikuwa mbali. Jua la utosi, wenzake wakiwa wamekwenda kula, akasikia kitu kikihema chini ya vitufe, akadhani ni feni, akaizima, na kile kitu kikaendelea kuhema polepole, kama anayelala akijua anatazamwa, hadi meza ikaanza kulia na miguu yake ikazama taratibu kwenye sakafu ya udongo.

Alimfuata Bi Biasha, mganga wa Likunja. Yule mama hakuigusa mashine.

"Uliipima wapi, mwanangu?"

"Kwenye mizani ya ghala. Muuzaji alisema kilo na robo, nikataka kuhakikisha."

"Mizani ilikuwa imeshapima ufuta msimu huu?"

Hapo Letisia akakumbuka. Kila mtu pale ghalani alijua: msimu ukifunguliwa, kitu cha kwanza kupanda mizani ni konzi ya ufuta, nayo humwagwa nyuma ya ghala. Ni ya mwenye mahali, yule asiyeonekana. Yeye alikuwa ametanguliza laptopu.

"Basi umeshampa," Bi Biasha alinong'ona. "Kaiache nyuma ya ghala. Usigeuke."

"Nikiiacha, Mzee Mustafa atasema wanawake hatuwezi kubeba hata kilo moja."

"Atasema." Mama akacheka kwa pua. "Lakini huyu si Mustafa."

"Nitampa ufuta wake. Debe zima. Mashine simpi."

Walimwaga debe, wakafukiza ubani. Kulipokucha ufuta ulikuwa palepale, hata sisimizi hawakuusogelea.

Ijumaa Mzee Mustafa akaja, akainyanyua laptopu kwa mkono mmoja.

"Hii? Sahani ya bati ina uzito kuliko hii. Sasa wewe mbona umeinama?"

Wakati huohuo Letisia alihisi uzito wote umehamia mgongoni kwake, na miguu miembamba ikimkumbatia kiunoni kama ya mtoto aliyebebwa, na harufu ya mabibo ikimpumulia sikioni. Mlangoni Bi Biasha, aliyekuwa amekuja kumtazama, alitikisa kichwa.

"Bado unaweza kuiacha," alisema kwa sauti ya chini.

"Je, inafaa?" akauliza mwenyekiti.

Letisia akaunyoosha mgongo. Akamtazama mwenyekiti.

"Inafaa, Mzee. Kesho naondoka."

Asubuhi alipopanda pikipiki, tairi la nyuma lilibonyea. Kaimu, dereva, akageuka, akatazama nyuma ya Letisia, akatazama tena.

"Dada, uko peke yako kweli?"

"Washa twende."

Walipoipita nyumba ya mwisho ya mji, Letisia alisogeza shavu lake begani, akasema taratibu, kama anayemsemesha mtoto mkaidi:

"Hukulitaka debe, sawa. Basi shika vizuri, njia ina mashimo. Na huko tuendako kazi tutafanya wote."

Chini ya kidevu chake, vidole vidogo vya baridi vikafumbatana, vikashika.