Fundo la Tatu

Jioni ile nilikwenda kupima mapazia. Basi. Sikuwa na safari nyingine.

Mdogo wangu wa kike, ambaye nyumbani tunamwita Profesa, alikuwa amepewa chumba katika bweni la chuo. Alinisimulia kwenye simu huku akicheka kwamba chumba chenyewe ukitaka kugeuka, lazima kwanza uombe ruhusa kwa meza. Alitaka nimshonee pazia la dirisha na jingine la kufunika uvungu wa kitanda, maana uvungu ndio uliokuwa kabati lake na stoo yake. Nikambeba mwanangu mgongoni, wakati huo ana miezi minane, nikachukua mkoba wa kazi.

Mimi mapazia siyapimi kwa futi. Aliyenifundisha kushona alitumia kamba nyembamba ya katani, nami nikabaki na mtindo wake. Mmoja anashika mwanzo wa kamba, mwingine anaivuta mpaka kipimo kinapoishia, anapiga fundo. Ukifika nyumbani unakata kitambaa kwa kufuata mafundo.

Nje ya mlango wa Profesa alisimama binti mwembamba, gauni la kijivu, viatu kavishika mkononi. Hakunisalimu. Nami nina haya tangu utotoni, nikainamisha macho. Profesa alipofungua, tuliingia sote. Niliona kitanda ni cha ghorofa, nikajua huyu ni mwenzake wa chumba.

Chumba kilikuwa kimeanza kupendeza. Picha za magazeti ukutani, taa ndogondogo juu ya meza, na chini kabisa ya ukuta shubaka lililozama ndani, ambalo Profesa alilijaza maboksi ya viatu. Ila kulikuwa na harufu... kama kitambaa kipya kilicholowa na kusahaulika kwenye ndoo. Nikaipuuza, nikatoa kamba. Chumba cha watu.

Binti yule alinishikia mwanzo wa kamba bila kuombwa. Fundo la kwanza, dirisha. Fundo la pili, uvungu. Kisha mtoto akalia, Profesa akaenda kuchota maji, nami nikamlaza mtoto kitandani ili nimbadilishe nepi. Niligeuka mara moja tu kutafuta nepi safi mkobani.

Kilio kikakatika.

Nilipogeuka, binti alikuwa ameinama juu ya mwanangu, kamba mikononi mwake. Mtoto alikuwa akimtazama bila kupepesa.

"Anakua haraka," alinong'ona.

"Sana," nikajibu. Mama gani hafurahi mwanawe akisifiwa?

Nyumbani nilipoikunjua kamba nilikuta mafundo matatu. La tatu sikulipiga mimi. Nikawaza, bila shaka wameamua kufunika na shubaka, na mwenzake amepima nikiwa na shughuli ya nepi. Ningeweza kumpigia Profesa. Nikaona haya, atasema mimi fundi gani nisiyejua kazi niliyopewa. Kuuliza si ujinga, lakini mimi swali moja lilinishinda. Nikakata vipande vitatu. Nikavipinda vyote vitatu.

Baada ya siku nne nilivipeleka. Profesa alipanda kwenye kiti kutundika pazia la dirisha, mgongo kwetu, pini mdomoni. Binti alikuwa mlangoni, viatu mkononi vilevile. Alininyooshea mkono, nami nikampa kile kidogo.

"Hiki nitakitundika mwenyewe," akasema.

Mwezi uliofuata, kliniki, muuguzi alimpima mwanangu urefu mara tatu. Akautazama ubao wake kama vile ubao ndio wenye kosa. Uzito ulikuwa umepanda, urefu uko palepale. Mwezi wa pili, palepale. Akanihoji kuhusu chakula mpaka machozi yakanitoka. Nikaanza kumtilia shaka kila mtu: jirani anayependa kumshika miguu, mama mkwe aliyeniambia nisimsifu sana. Hata maziwa yangu niliyashuku.

Kisha mchana mmoja nilitandaza kamba sakafuni kuinyoosha kwa kazi ya mteja mwingine. Mwanangu alikuwa amelala kwenye mkeka, kando yake. Utosi wake ulikuwa sawa na mwanzo wa kamba.

Nyayo zake zilikuwa sawa na fundo la tatu.

Sawasawa. Hata unene wa uzi haukuzidi.

Nilimpigia Profesa. Nilimuuliza mwenzake wa chumba ni nani.

"Mwenzangu yupi, dada? Nakaa peke yangu. Kitanda cha juu naweka mabegi."

"Yule binti wa gauni la kijivu."



"Si mwanafunzi wako wa ushonaji? Mlikuja pamoja, dada. Mara zote mbili."

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwake na kamba, tukayatoa maboksi ya viatu, moja baada ya jingine. Ndani ya shubaka, kwenye misumari miwili ambayo Profesa aliapa hakuipigilia, lilining'inia pazia langu dogo. Lilikuwa limelowa. Nilipolifunua, vumbi la nyuma yake lilikuwa limelaliwa. Alama ya kichwa, ya mgongo, ya visigino viwili vidogo.

Nilikaa palepale sakafuni nikafumua pindo mshono kwa mshono. Fundo la tatu lilikataa vidole, nikalifungua kwa meno. Lilipoachia, mwanangu mgongoni alipiga ukelele ambao niliusikia mara moja tu maishani, siku niliyomzaa.

Kliniki iliyofuata alikuwa ameongezeka vidole viwili. Muuguzi alicheka, akasema watoto wana vituko. Nami nikacheka.

Kamba nilijaribu kuichoma. Ilitoa moshi, ikanuka kitambaa kilicholowa, haikuungua. Nikanunua futi dukani, kamba nikaitupa chooni.

Juzi nilikwenda kwa mteja mpya, mwalimu aliyehamia nyumba ya pili kutoka kwetu. Jua lilikuwa linazama. Nilifungua mkoba nitoe futi, mkono ukatoka na kamba. Nilisimama nayo hivyo, mwanangu mgongoni. Ncha moja ilibaki imelala nje ya mlango, sijui ilifikaje huko.

"Mbona binti uliyekuja naye haingii?" mwalimu akauliza. "Mwambie apite, asione haya."

Safari hii sikuinamisha macho.

"Sikuja na mtu," nikasema.

Nikaanza kuivuta kamba niikunje.

Ilikuwa imeshikwa.