Marehemu Aliyeosha Vyombo

Alfajiri ile Mama Tanzia alikuta vyombo vimeoshwa.

Usiku aliviacha vichafu kwenye karai, sufuria imeungua chini, akaenda kulala kwa sababu miguu ilikataa. Sasa vilikuwa vimepangwa kwa ukubwa, vikombe vimefudikizwa, sufuria imesuguliwa mpaka unajiona ndani yake. Nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu, yeye na binti yake wa miaka sita, na mtoto mwenyewe halifikii karai mpaka apande kigoda.

Mwingine angepiga kelele. Yeye alibandika chai. Alijisemea kwamba huenda aliviosha mwenyewe usingizini, maana mtu aliyechoka hufanya mengi asiyoyakumbuka. Kilichomsumbua ni harufu. Jiko lilinuka wino mbichi wa gazeti, na chini ya wino, udongo uliochimbwa muda si mrefu.

Wino aliuzoea. Alikuwa mwandishi wa ukurasa wa tanzia katika gazeti dogo, na kazi hiyo ndiyo iliyompa jina. Watu walimjia na macho mekundu, yeye akawauliza marehemu alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, ameacha nani. Wafiwa huwa hawana maneno, basi aliwapa ya kwake. Mlevi alikuwa "mtu wa watu." Mkali alikuwa "mwenye msimamo." Aliyekula urithi wa wadogo zake alikuwa "mchapakazi aliyeijali familia." Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuzika mtu mbaya. "Gazetini hafi mbaya," alikuwa akisema, kisha anaendelea kuchapa.

Lakini siku chache kabla ya vyombo kuoshwa alifanya jambo ambalo mwandishi wa tanzia hatakiwi kulifanya. Ilikuwa jioni, ukurasa unasubiriwa mtamboni, familia moja ikaondoa tangazo lake kwa sababu wake wawili wa marehemu waligombea nani atajwe kwanza. Likabaki pengo.

"Jaza," mhariri alisema bila kuinua kichwa.

"Nijaze nini? Hakuna aliyekufa."

"Dunia yote hii, hakuna aliyekufa? Jaza, mama, tuwahi nyumbani."

Asubuhi ya siku hiyo binti yake, ambaye mtaa mzima humwita Chiriku kwa jinsi asivyofunga mdomo, alikuwa amemuuliza tena baba yuko wapi. Ukweli ni kwamba baba alitoka kwenda kununua betri za redio, akaendelea kutembea. Hilo si la kumwambia mtoto anayekunywa uji. Basi mama akakaa mbele ya mashine, akajaza pengo kwa mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Akampa jina, ambalo hadi leo halitaji. Akampa useremala. Aliandika kwamba marehemu hakuwahi kumwachia mkewe vyombo vichafu. Kwamba alimbeba binti yake mabegani, na alikokwenda baba, mtoto naye alikuwepo. Ameacha mjane. Mipango ya mazishi itatangazwa baadaye. Nafasi ikamwishia hapo. Kijisanduku cha picha kilibaki cheupe.

Mhariri alipitisha macho. "Huyu alikuwa mtu au malaika?"

"Alikuwa mume. Wewe hujawahi kumwona wa hivyo, na mimi pia."

Wakacheka kicheko cha watu waliochoka, ukurasa ukaenda. Pengine mambo yangeishia hapo. Lakini kesho yake alilipeleka gazeti nyumbani, akaweka kidole kwenye tangazo lile, akamwambia Chiriku, "Baba yako ni huyu." Akamsomea. Mtoto alisikiliza kimya, jambo lisilo la kawaida kwake, kisha akaomba asomewe tena.

Baada ya vyombo, zikaja ndoo. Alikuta zimejaa maji. Halafu sare ya shule ikafuliwa, mguu wa meza uliokuwa ukicheza ukaacha kucheza. Mama Tanzia hakumwambia mtu. Alijua vizuri kwamba mambo hayo si ya heri, ila kwa mara ya kwanza tangu azae alikuwa akiamka jua limechomoza, na mwili ukianza kuzoea usingizi hausikii mawaidha. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, alijiambia, akageukia upande wa pili.

Siku ya mapumziko, mchana, alikuwa akimsuka Chiriku barazani alipoona unga wa mbao umeganda nyuma ya mapaja ya mtoto. Akaupangusa. Ulikuwa mwingi, mwepesi, wa mbao iliyorandwa leo.

"Umekaa wapi wewe?"

"Kwa baba. Mabegani."

Mkono ukasimama na kitana. "Baba yupi?"

"Si yule wa gazeti."

"Yukoje?"

"Mrefu. Ana mikono ya baridi. Uso hana."

"Hana uso?"

"Bado. Ni peupe tu. Anasema wewe hukumpa." Chiriku alijikuna sikio. "Mama, anauliza mazishi ni lini. Amechoka kungoja. Anasema siku hiyo nitakwenda naye, kule chini hapana giza sana."

Mama Tanzia alimaliza kusuka, kwa sababu mtoto hawezi kukaa na nusu ya kichwa. Kisha akampigia simu mama yake mkubwa.

Mama mkubwa alikuwa mtu wa kutibu waliopagawa, mwenye pumu na maneno makali. Alifika siku ya pili na mfuko wa ubani, akanusa jiko, akaketi kwenye kigoda akihema.

"Umeolewa, na hukunialika."

"Mama mkubwa, usinitanie."

"Nani anatania? Majini wako wasio na jina wala mlango, wanazurura tu. Wewe umempa mmoja jina, kazi, mke na mtoto. Ukachapa, watu wakasoma, wakasema maskini, Mungu amrehemu. Ulitaka afanye nini, akatae?"

"Si ufukize tu, aondoke?"

"Ubani ni wa wageni. Huyu si mgeni, ana mji wake hapa. Na wewe umelala anakuoshea vyombo, ukasema halikuli likakwisha. Haya, hicho kinachobakizwa ni kipi? Wewe. Na mtoto je?"

"Basi nitangaze mazishi. Azikwe, yaishe."

"Hebu soma ulichoandika. Uliowaacha hai ni wangapi?"

Alisoma. Alisoma tena kwa kidole, kama mtu asiyejua kusoma. *Ameacha mjane.* Katika kazi yake hakuna kosa baya kuliko hilo. Watu husamehe tarehe na jina la kijiji, lakini ukimsahau mmoja kwenye walioachwa, ndugu watakuja ofisini na fimbo, kwa sababu aliyeachwa nje ya hesabu ya walio hai amehesabiwa upande wa pili. Naye kwa uchovu, na kwa nafasi kuisha, alikuwa amemwacha nje mwanawe mwenyewe.

"Usimzike," mama mkubwa alinong'ona. "Mkane. Aliingia kwa gazeti, atoke kwa gazeti, na mtoto asikie kwa kinywa chako. Ukificha hata kidogo, atakaa papo hapo ulipoficha."

Mhariri alivua miwani. "Unataka tuombe radhi kwa kuua mtu ambaye hakuzaliwa?"

"Ndiyo."

"Watatucheka mpaka mwaka uishe."

"Wacheke. Mimi nina mtoto mmoja."

Alimtazama, akaona hamna mzaha, akampa mistari minne chini ya ukurasa, herufi ndogo.

Siku gazeti lilipotoka, alirudi nalo nyumbani jua linazama. Mama mkubwa alikuwa ameshafukiza, moshi umejaa sebuleni, naye kikohozi kimembana mlangoni hawezi kusema, anaonyesha kidole tu kuelekea jikoni. Mkeka wa Chiriku ulikuwa mtupu. Mama Tanzia akaenda, akasikia kwanza maji yakimwagika kwenye karai, taratibu, kwa mkono wa mtu asiye na haraka, kisha akaisikia harufu ile ya wino na udongo ikimjia nzito mpaka ulimi ukapata ladha yake, na alipoinua macho akamwona mwanawe amekaa hewani, juu, karibu na dari, miguu imening'inia mbele kama ya mtoto aliyebebwa na mtu mrefu, mikono yake midogo imeshika kichwa ambacho hakikuwepo, na chini yake, pale ambapo pangekuwa na kifua cha mtu, ukuta ulionekana mweupe kuliko kawaida, mweupe kama karatasi isiyochapwa, na weupe ule ulikuwa umekwisha kugeuka kuelekea mlango wa nyuma, na mlango wa nyuma ulikuwa wazi.

"Mama," Chiriku alisema kwa sauti ndogo. "Anasema hawezi kungoja tena."

Akafungua gazeti. Sauti ikatoka ileile ya kazini.

"Masahihisho. Tulitangaza kifo cha fundi seremala. Mtu huyo hakuwepo. Hakuoa wala hakuzaa. Tunaomba radhi."

Maji yakakoma. Weupe haukuondoka. Ulingoja, kama wafiwa wanavyongoja dirishani wakijua bado hujamaliza. Akakunja gazeti, kwa kuwa yaliyobaki hayakuchapwa popote.

"Chiriku, nisikilize. Nilikudanganya. Baba yako hajafa. Alituacha. Alitoka kwa miguu yake, akashika njia, hakurudi. Hakukubeba mabegani. Hajakubeba hata mara moja."

"Kwa nini?"

"Sijui. Ningejua ningekwambia."

"Atarudi?"

"Sidhani."

Midomo ya Chiriku ikacheza. Aliinama, akakumbatia kile kichwa kisichokuwepo, akakinong'oneza jambo. Kisha akaachia mikono.

Akashushwa. Hakuanguka, alishushwa polepole, kama anavyoshushwa mtoto aliyelala, mpaka nyayo zikagusa sakafu. Mlango wa nyuma ukafungwa kwa adabu, bila kishindo. Mama Tanzia alimshika mwanawe, akamkaza kwa nguvu hata mtoto akalalamika kwamba anaumia.

"Ulimwambia nini?"

"Nimemwambia pole. Yeye naye hana baba."

Tangu siku hiyo vyombo vilibaki vilivyoachwa. Mguu wa meza ulianza tena kucheza. Chiriku alilia siku kadhaa, akamwambia kila mtu mtaani kwamba baba yake alikwenda kununua betri, na watu wakampa mama yake macho ya huruma, ambayo hayaoshi sufuria.

Mvua zilipoanza, homa ikamwangusha Mama Tanzia. Jioni moja alijitupa kitandani na nguo za kazini, Chiriku ubavuni, karai limejaa vyombo. Akiwa kati ya kulala na kuamka akasikia maji. Kijiko kikagonga kikombe. Kisha ikaja harufu.

Kila mfupa ulimwomba asiinuke. Angefumba macho tu, asubuhi kila kitu kingekuwa kisafi. Alipapasa, akamkuta mtoto, akamweka mgongoni na kumfunga na shuka akiwa usingizini, na ukuta ukimshikilia njia nzima akaenda mpaka mlangoni mwa jiko.

"Acha," alisema. "Nitaviosha mwenyewe."

Maji yakanyamaza.

Akasogea kwenye karai. Vikombe viwili vilikuwa vimeshafudikizwa, vinachuruzika. Akavirudisha kwenye povu, akaanza na hivyo.