Pindo la Kushoto

—Ngoja kwanza. Kitenge chake kilikuwa rangi gani?

Nilikuwa nimefika pale ambapo mdogo wangu Zaituni ananishika mkono, risasi zinalia nyuma yetu kwenye migomba ya kwetu Mwakiro, na machozi yalikuwa yameshanifika kidevuni. Houssein hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama daftari lake, kalamu imesimama juu ya mstari, inasubiri rangi.

—Kijani, nikasema.

—Kijani tu? Hakina maua, hakina kitu?

—Kuku. Kilikuwa na picha za kuku.

—Kuku ni nzuri sana, akasema, akaandika. Bon. Endelea. Alikushika mkono, alafu?

—Alafu nimechoka, Houssein.

Akafunga daftari kwa nguvu kidogo, kama mtu aliyefika dukani akakuta sukari imekwisha.

Hiyo ilikuwa Gitega, Burundi, mwaka 2002, mtaa wa Musinzira, nyumbani kwa shangazi yake Amisa. Nilikuwa nimefika siku moja kabla, kutoka Muyinga, juu ya magunia ya chumvi kwenye lori la Matata, mfanyabiashara Mkongomani. Tulipita njia ya Karuzi ndani ya konvoa, msafara wa magari unaolindwa na askari, bariyeri tano za ukaguzi, na kila bariyeri tunashushwa na kupekuliwa. Nilikuja kwa sababu aliniita. Miezi minane hakuwa amenitumia hata neno moja, alafu siku moja mwenye kabini ya simu akaja kunitoa kwenye cherehani yangu.

—Fatouma, njoo Gitega, Houssein alisema kwenye simu.

—Kuna nini?

—Mambo yetu. Shangazi anataka kukuona. Na ile hadithi ya Zaituni hukuimaliza kwenye barua, utanimalizia kwa mdomo.

Mi nilisikia "mambo yetu". Yale mengine sikuyasikia.

Tulijuana Muyinga, alipokuja kufundisha mwaka mmoja baada ya kupata lisansi yake, shahada ya chuo kikuu, Bujumbura. Alileta suruali nimpunguzie, akarudi na nyingine ambayo haikuwa ndefu. Aliporudi kwao Gitega, barabara ikawa mbaya. Posta hakuna, na madereva wanaogopa karatasi, maana ukikutwa na barua kwenye bariyeri utaeleza nani anamwandikia nani na kwa nini, na wengine walieleza mpaka hawakurudi. Ndipo nikaanza kumshonea mashati. Barua naiandika kwenye karatasi ile ile ya kukatia nguo, naikunja nyembamba, naiweka kwenye pindo la kushoto, nashona. Matata anajua amebeba shati. Houssein akilipata anafumua pindo, anasoma, anacheka au analia. Aliwahi kuniandikia kwamba akisahau kufumua na kulivaa, karatasi inalia anapokaa, kama majani makavu, na hapo anajua niko naye.

Mashati kumi na saba. Walimu wenzake walimuuliza kama anaoa au anafungua duka.

Ndani ya hayo mashati niliandika vita yote niliyoiona. Mi niliishia darasa la sita. Sikujua kama ile ni kazi ya maana. Nilikuwa namwambia mtu wangu mambo yangu.

Sasa huko Gitega nikakuta nyumba nzima inaongea habari moja. Chuo kimoja cha Ulaya kilikuwa kinatafuta watu wenye lisansi, waende kusoma zaidi mambo ya vitabu, na walitaka wanaoandika kwa lugha za kwao, Kiswahili kimo. Masomo yalikuwa ya pande mbili. Upande wa kwanza ni kuandika: unaleta kurasa arobaini zako mwenyewe. Upande wa pili ni kuchapisha: unaleta kazi ya mtu mwingine unayetaka kumtoa kitabu, pamoja na saini yake kwamba amekubali. Unachagua siku ya mwisho, mbele ya profesa, kwa kuweka alama kwenye fomu. Houssein alisema bado anafikiria.

Wageni walipokuja kumtakia heri aliwaambia mimi ni fundi wao wa Muyinga. Shangazi Amisa akacheka.

—Fundi ndiyo, lakini ndani ya nyumba hii anapimwa yeye, kama anafaa kuwa mke.

Siku ya tatu Houssein alinituma mjini kwa Elyse, dada wa Uvira aliyekuwa anawapigia watu barua kwa mashine karibu na soko. Alinituma kama unavyomtuma mtu kuchukua nyanya. Elyse alinipa bahasha, na juu yake fungu la karatasi kuukuu lililofungwa na kamba.

—Hizi ndizo alizoniletea nizinakili, akasema. Mwambie nimemaliza. Na we dada, uko nani wake?

—Fundi.

Akanitazama vidole. Akafungua lile fungu, akainua karatasi moja kwenye mwanga wa dirisha. Ukingoni ilikuwa na vitundu vya sindano, mstari mzima. Nyuma yake kuna mwandiko wangu: kifua 92, mkono 58.

—Mi nilimuuliza hii mitundu ni ya nini, Elyse akasema pole pole. Alisema karatasi ni za shangazi yake. Dada, nilipiga kurasa hizi nikilia. Kaa hapo usome.

Nilikaa, nikasoma. Maneno yalikuwa yangu, hata pale nilipokosea aliacha vile vile. Lakini aliyekuwa anasema "mimi" sasa alikuwa kijana, fundi wa kiume, anayeshona barua kwenye pindo la kushoto kwa ajili ya mchumba wake. Zaituni alikuwa mdogo wake huyo kijana. Na mwisho, ule nilioshindwa kumwambia, alikuwa ameutunga mwenyewe: kijana anarudi mbio kwenye risasi, anambeba mdogo wake begani, anafia barabarani akiwa amemkumbatia. Kuku wa kwenye kitenge walikuwa wamegeuka njiwa.

Juu kabisa, jina lake peke yake.

Sikupiga kelele. Nilirudi Musinzira, nikamkabidhi bahasha na lile fungu, nikamsubiri ale. Alipomaliza kula ndipo nikamuuliza.

—Utachagua upande gani?

—Wa kwanza, nadhani.

—Si ule wa pili ungefaa? Barua ziko. Mwenyewe yuko hapa, ana mkono wa kuweka saini.

Akajua nimesoma. Hakuona aibu, na hilo ndilo lililoniuma kuliko jina. Alivuta kiti karibu, akaniita cheri, akaongea kama anaongea na mwanafunzi wa mwisho darasani.

—Upande wa pili jina langu linakaa chini, herufi ndogo, kama la mtengeneza kiberiti kwenye kisanduku chake. Mi nimesoma miaka kumi na saba, Fatouma. Nikamshikie mtu taa acheze yeye?

—Mtu gani? Ni mimi.

—Ndo maana nasema hivyo. La sita. Nani Ulaya atafungua mlango kwa la sita? Mi napeleka maneno yako mbali, we unabaki salama. Na barua ikishatumwa ni ya aliyeipokea. We ulimwandikia nani?

—We.

—Basi. Nikipita, posa inakuja Ijumaa ya wiki hiyo hiyo. Shangazi ameshatafuta wazee.

Bado nilikuwa nampenda, nisiseme uongo. Alafu nikamuuliza kama ana koti la kuvaa mbele ya profesa. Hakuwa nalo.

Nililishona siku mbili, kitambaa cha kijivu, mkono wangu haujawahi kutulia vile. Asubuhi ya siku yenyewe nilimpa.

—Likague kwanza kabla hujavaa, nikamwambia. Mapindo yote.

—Naamini mkono wako, akasema, akalivaa akijitazama kwenye kioo. We twende wote, ukae nje na sindano yako, kifungo kisije kikatoka.

Nikaenda. Nikakaa kwenye benchi barazani, kikapu changu cha ushonaji magotini. Mlango waliuacha wazi kwa joto. Ndani alikuwepo Profesa Magloire, mzee wa Bukavu aliyetumwa na kile chuo, na Elyse, waliyemwajiri kuandika yanayosemwa.

Profesa alimwuliza kwanza kuhusu alama. Nilisikia kalamu.

—Upande wa kwanza, Houssein akasema. Mi ni mwandishi.

Hapo ningeweza kuondoka. Nilikuwa nimeshajua nilichokuja kujua.

—Kijana, profesa akasema, kurasa thelathini na nane zinanuka moshi. Mbili za mwisho zinanuka marashi. Ni nini kilitokea pale?

—Ni... ni kilio, Profesa. Niliandika nikilia.

—Kaa, kaa. Usiogope.

Houssein akakaa. Na koti likalia, kama majani makavu.

Profesa akacheka, mzee wa watu, alidhani ni mchezo mzuri.

—Aa, umeuleta mwisho wa kweli kwenye pindo la kushoto, kama fundi wa hadithi yako. Umenipata. Fungua tusome.

—Hapana, Profesa, ni kitambaa kipya tu.

—Mimi nimesoma hadithi yako mara tatu. Kitambaa hakilii hivyo. Elyse, tafuta mkasi.

Elyse akatoka. Alinikuta nimesimama. Macho yake yalikuwa yameshaelewa.

—Dada, uko na mkasi?

Ndani ya pindo lile kulikuwa na jambo ambalo sijamwambia mama yangu wala shehe. Nililiweka kwa mtu mmoja. Kama hakulikagua, nilitaka lioze naye humo humo kotini. Sasa wageni watalisikia. Ningesema sina mkasi, Houssein angepita, Ijumaa ingekuja, wazee wangekaa kwenye mkeka.

—Niko nao, nikasema. Nitafumua mwenyewe.

Nilipiga magoti mbele yake. Hakunitazama. Nilikata nyuzi moja moja, nikatoa karatasi, nikampa profesa. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti.

"Houssein. Mwisho ni huu. Zaituni hakuteleza kwenye mkono wangu. Mi ndiye nilimwachia. Alikuwa hawezi kukimbia tena, nikamwachia, nikakimbia peke yangu hadi barabarani. Nilipogeuka niliona kitenge cha kuku kimelala kwenye majani. Hii nakupa we, kwa kuwa utakuwa mume wangu. Ukichagua upande wa pili, saini yangu ni hii hapa chini, weka jina langu juu na lako chini, na mwisho huu ni wako. Ukichagua wa kwanza, basi hukulikagua pindo. Fatouma Waziri, Muyinga."

Elyse alikuwa ameacha kuandika.

—Profesa, huyu ni fundi wetu, Houssein akasema. Aliishia darasa la sita. Mi nilimsaidia kupanga...

—Nyamaza kidogo.

Yule mzee aligeuza karatasi, akaona vipimo vya koti nyuma, kifua na mikono ya Houssein mwenyewe. Akanigeukia.

—Binti, ni we uliandika?

—Ndiyo, Profesa.

—Yote?

—Njiwa sio wangu.

Alivua miwani. Akaniambia bila kuzunguka kwamba nafasi hawezi kunipa, wanataka watu wenye lisansi, na sheria hakuiweka yeye. Mi sikuwa nimeomba. Alafu akamgeukia Houssein, akaongea taratibu, na naapa ule upole wake ulikuwa mbaya kuliko kofi.

—Ungeweka alama upande wa pili na kunipa karatasi hii, ningekupitisha leo hii. Sijaona dosie ya maombi nzuri kuliko hii tangu nianze safari. Ulikuwa umeivaa.

Alilikata jina la Houssein kwa mstari kwenye fomu. Akasema barua zangu nirudishiwe zote, zile zenye mitundu na zile zilizopigwa mashine, na Elyse akasema zilizopigwa atazipiga upya, na zamu hii anayesema "mimi" awe mwanamke.

Houssein alikuwa bado kwenye kiti. Pindo lake lilikuwa linaning'inia.

—Kwa nini hukuniambia? akaninong'oneza.

—Nilikuambia ulikague.

—Fatouma, cheri, nisikilize. Naongea na profesa, nabadilisha alama. Jina lako juu. Posa tusisubiri Ijumaa, leo leo. Unataka nini tena?

—Simama wima.

Akasimama. Alidhani nimekubali, niliona mabega yake yanashuka. Nikachukua sindano, nikatia uzi wa kijivu, nikapiga magoti tena, maana fundi hamwachi mteja wake aende barabarani na pindo limefumuka. Nilishona pole pole, mshono mdogo mdogo, mbele ya wote. Machozi yake yalikuwa yanadondoka kwenye mkono wangu, nikayafuta kwenye koti lake. Nikakata uzi kwa meno.

—Sasa kaa, nikamwambia.

Akakaa. Sote tukasikiliza. Koti halikulia.